Alhamisi ya Mvua ya Mawe

Polyanino, Dobruja
11 Oktoba 1998

Kumu wangu Nedko,

Nimeipanda ngano yako. Nimeipanda peke yangu, asubuhi moja, bila kupumzika wala kunywa maji, na mistari imenyooka hivi kwamba padri alipopita alishuka baiskelini akavua kofia. Katika Dobruja nzima hakuna mwanamume mwingine wa miaka sabini na nne anayeweza kazi ile.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu imeishia kwenye mti wa jozi, pale ambapo mistari inapinda kama mgongo wangu. Aliyepanda ni Stancho na trekta lake. Mimi nilikaa juu ya madigadi nimeshika kofia, nikimpigia kelele aende taratibu, naye hakusikia hata neno. Padri hakupita. Padri anaumwa jongo.

Lakini imepandwa, hiyo ndiyo habari. Imeingia kwenye udongo wa njegere kama ulivyotaka, zile njegere tulizovuna kabla hujaanguka kwenye ngazi za stoo ya chini ya nyumba na kuvunja nyonga. Udongo umelegea, unabomoka mkononi kama jibini la Bibi Yova. Ng'ambo ya barabara Dimo kapanda ngano juu ya mabua ya ngano, mwaka wa tatu mfululizo. Nilimuuliza kama hachoki. Akasema trekta halichoki. Nikamwambia sikuuliza trekta.

Sasa nirudie makubaliano, maana kichwa changu siku hizi ni kichujio. Sevda, huyo binti yako, aliponiaga langoni, wewe ukiwa umelazwa garini kama gunia, alisema hivi: haya ndiyo mavuno ya kujaribu. Wanunuzi kule Dobrich wakiipokea kama ngano ya mkate, bei yake itatosha kumlipa Bibi Yova akupikie na kukuangalia, nawe utarudi nyumbani kwako. Wakiipokea kama chakula cha mifugo, shamba litakodishwa kwa Dimo miaka kumi, nyumba itafungwa, nawe utakufa ghorofa ya sita huko Plovdiv ukiwa umeogeshwa kila siku.

Basi mimi nina kazi na wewe huna. Tangu mke wangu Gyurga anitangulie kaburini, hili ndilo jambo la kwanza linalonichekesha.

Nijibu kwa barua. Simu usipige. Ya hapa posta inasikilizwa na kijiji kizima, nawe ni kiziwi, kwa hiyo watakaosikia ni wao tu.

Wako, uliyenisimamia harusi ukawa kumu wangu, na hujaomba radhi hadi leo,
Penyo


Plovdiv
2 Novemba 1998

Penyo,

Barua yako imefika. Makosa ya herufi sitayataja, karatasi haitoshi.

Nyonga inaendelea vizuri. Jana nilitembea kwa magongo mpaka mwisho wa korido na kurudi. Daktari ameridhika.

Kuhusu shamba, soma polepole, na ukimaliza soma tena. Njegere zimeacha chakula ardhini, kwenye vile vinundu vya mizizi nilivyokuonyesha miaka thelathini iliyopita, ukanijibu kwamba hata wewe una vinundu na hujaota ngano. Chakula hicho kinaianzisha ngano vizuri, hakiimalizii safari. Utailisha mara mbili. Mara ya kwanza ni mwishoni mwa Februari, alfajiri, ardhi ikiwa imeganda, ili utembee bila kuzama na mbolea iyeyuke jua likipanda. Hiyo inajaza magunia. Mara ya pili ni Mei, jani la mwisho likishatoka na suke likiwa bado limefichwa tumboni, na lazima mvua iwe inakuja nyuma ya mgongo wako. Hiyo haiongezi gunia hata moja. Hiyo inatia ulimbo, ule mnato wa unga, ndani ya punje, na bila ulimbo hakuna mkate, kuna uji wa nguruwe.

Watu wengi huridhika na ile ya kwanza kwa sababu shamba linageuka kijani na wapita njia wanalisifu. Wewe ni wa aina hiyo. Mbolea ya mara zote mbili iko ghalani kwako chini ya turubai. Usimgawie mtu.

Dirisha langu linatazama dirisha. Kuna mwanamke upande wa pili anayekung'uta blanketi lilelile kila asubuhi. Sevda ananipikia vizuri na kuniongelesha kama mtoto. Udongo wa karibu kuliko wote ni wa chungu cha maua pale barazani. Nimeutia kidole. Haufai.

Nedko


Polyanino
22 Desemba 1998

Kumu Nedko, Bwana Shamba Mkuu wa Chungu cha Maua,

Juzi ilikuwa siku ya Mtakatifu Ignati. Unajua mila: mguu wa kwanza kuingia nyumbani siku hiyo ndio mguu wa mwaka mzima, na kuku watataga na ngano itazaa kwa kadiri ya kheri ya mtu huyo. Nikaamka, nikakumbuka kwamba nyumba yako haina mtu wa kuingia wala wa kufungua. Nyumba isiyoingiwa siku ya Ignati itauanzaje mwaka?

Nilichukua ufunguo. Theluji ilikuwa imefika magotini na malango yako yameganda, ikabidi niruke ukuta, yaani nilipanda upande huu nikaanguka upande ule. Nikaingia jikoni kwako kwa mguu wa kulia. Nikachochea jiko la kuni lisilo na moto, nikasema maneno yote: kuku wengi, kondoo wengi, mtoto wa kiume kwa mwenye nyumba. Hilo la mwisho nalifuta, kwa heshima ya nyonga yako. Kisha nikakaa mezani kungoja zawadi.

Maana mila ina upande wa pili, kumu. Mguu wa kwanza hauondoki mikono mitupu. Mwenye nyumba humpa jozi, plamu kavu, soksi, chochote. Nilikaa nikatazama koti lako msumarini mpaka baridi ikanifukuza. Kwa hiyo ninakudai. Sijasema nini. Nitafikiria.

Ngano imelala chini ya theluji kama bibi harusi mvivu. Hapa nilipo siku inaisha kabla sijapata viatu. Nakula supu ya maharage Jumatatu, na Jumanne nakula ileile ikiwa imejifunza adabu.

Mguu wako wa kwanza,
Penyo


Polyanino
24 Februari 1999

Kumu,

Imekula mara ya kwanza. Nilisikiliza ushauri wako kwa sababu mwingine sikuwa nao. Niliamka gizani, ardhi ikilia chini ya buti kama mkate mkavu, nikajifunga gunia shingoni nikatupa kwa mkono, hatua na mkono, hatua na mkono, kama marehemu baba yangu alivyofanya kabla ushirika haujatufundisha kukaa kwenye mashine. Stancho alisema angeitawanya kwa trekta kabla sijamaliza chai. Nilimkatalia. Kwa nini, sijui. Nilipofika kwenye mti wa jozi nilianguka chali, nikabaki nimelala kutazama mbingu. Palikuwa pazuri, nusura nisiamke.

Mkono mtupu haulambwi, na udongo mtupu vivyo hivyo. Njoo uone ya Dimo ng'ambo ya barabara: ya manjano kama mgonjwa wa ini. Ngano juu ya ngano juu ya ngano, magonjwa yaleyale yamelala kwenye mabua yakingoja chakula kilekile kiletwe mezani. Yako ni kijani, ina kiburi.

Huyo Dimo alisimamisha gari nikiwa bado natikisa theluji mgongoni. Alinisalimu vizuri, kijana hana ubaya, ana madeni tu. Kisha akasema, "Mzee Penyo, unamfanyia kazi mtu asiyerudi."

Nikamwambia, "Na wewe unaifanyia kazi benki. Angalau mtu wangu ananiandikia."

Hakucheka. Alinitazama kama mtu mwenye jambo mdomoni, akapandisha kioo cha gari akaondoka. Nilimwonea huruma kidogo. Ngano ya manjano humharibu mtu.

Bibi Yova amepaka chokaa chumba chako cha kulala, eti ukirudi usikute utando wa buibui. Nilimwambia buibui ndio watu pekee waliobaki na adabu katika nyumba ile. Alinirushia brashi.

Penyo


Plovdiv
20 Aprili 1999

Penyo,

Pasaka imepita na hujaandika. Nadhani unakula mayai.

Sasa natumia gongo moja. Wiki iliyopita nilishuka mpaka duka la mikate.

Naandika kwa ajili ya kulisha mara ya pili, na kwa ajili ya upuuzi mmoja ambao nataka tuumalize mapema. Tumo ndani ya zile Alhamisi. Kila mwaka wanawake wa Polyanino hukataza mtu kuingia shambani na kazi siku ya Alhamisi, kuanzia Pasaka mpaka sikukuu ya Kupaa kwa Bwana, eti mvua ya mawe isiangukie mazao. Unakumbuka mwaka ule wa ushirika nilipoamuru mashine zipulize dawa siku ya Alhamisi, na saa tisa mawe makubwa kama jozi yakalaza hekta zote mpaka kijiji cha pili. Gyurga hakunisalimia mpaka Krismasi. Aliponisalimia, alisema, "Habari za mawe?"

Mawe hutoka mawinguni, Penyo, hayatoki kwenye kalenda. Mwaka huu Kupaa ni Mei ishirini, na jani la mwisho litatoka kabla ya hapo. Mvua moja ya wakati ule ndiyo mkate wenyewe. Ikija Alhamisi, ingia Alhamisi. Ukichelewa siku moja na mvua ikipita, mbolea italala juu ya ardhi kavu kama chumvi juu ya meza, na nyumba yangu itakuwa imefungwa.

Wewe umewacheka mapadri watatu na askofu mmoja. Sitarajii uogope Alhamisi.

Nedko


Polyanino
16 Mei 1999

Kumu,

Ngano imelishwa. Mvua imenyesha. Yote mawili ni kweli.

Cheri zimeanza kuiva upande wa jua. Jongo la padri limehamia mguu wa pili, anasema ni majaribu, mimi nasema ni divai. Macho yangu hayapendi tena kuandika barua ndefu.

Penyo


Polyanino
6 Juni 1999

Kaka Nedko,

Ni mimi Yova, jirani yako. Aliyeandika ni mpwa wangu, maneno ni yangu. Penyo amekuwa mkimya na haji tena kula kwangu, nikasema pengine hajakupa habari njema, basi nikupe mimi.

Kaka, shamba lako limeokolewa. Alhamisi ile, Mei kumi na tatu, tangu asubuhi wingu lilijikusanya upande wa bahari, jeusi, na tumbo lake jeupe. Mimi nilikuwa langoni kwangu. Nikamwona Penyo anakuja na gunia la mbolea shingoni, anasimama ukingoni mwa shamba lako. Nikamwita, "Penyo, leo Alhamisi."

Akasema, "Najua leo ni siku gani, mwanamke."

Lakini hakuingia. Alisimama pale na mkono ndani ya gunia. Alisimama mpaka matone ya kwanza yakamwangukia, kisha akavua kofia, akaweka gunia chini, akalifunika kwa koti lake, akarudi nyumbani bila koti. Haikupita robo saa, mawe yakaanguka kwa Dimo ng'ambo ya barabara, ngano yake ikalala kama nywele zilizochanwa. Kwako ilinyesha mvua tu, halikuanguka hata jiwe moja. Barabara ilikuwa kama mpaka uliochorwa.

Ijumaa asubuhi jua lilitoka, ndipo akalisha. Tangu siku hiyo mvua haijarudi, na ile mbolea bado inaonekana nyeupe kati ya mistari, lakini yeye anasema haina neno.

Nikueleze na hili, maana najua wewe ulikuwa hupendi mambo hayo. Siku za mwisho za Gyurga nilikuwa pale kitandani. Hakuomba kitu kingine. Alimwambia, "Penyo, utanicheka, najua. Ila zile Alhamisi usiniletee mawe shambani kwa watu nikiwa siwezi kukemea." Penyo alimcheka kweli. Sasa nimeona hakucheka.

Chumba chako kiko tayari. Nimeweka mto mpya.

Jirani yako,
Yova


Polyanino
18 Julai 1999

Kumu mheshimiwa,

Imevunwa. Stancho na mashine yake walimaliza jana kabla ya mchana, na mara hii sidai nilikuwa kwenye usukani. Nilisimama kwenye makapi nikapiga chafya. Kumu, imejaa. Trela lililia. Punje nene, nzito, unaingiza mkono mpaka kiwiko na mkono hautaki kutoka. Stancho alisema tangu ushirika uvunjwe hajamimina ngano kama ile kutoka shamba la mtu mmoja. Ng'ambo ya barabara Dimo aliokota kilichobaki kwa mashine iliyoinamisha pua ardhini kama nguruwe anayetafuta mizizi.

Kule Dobrich bado hawajatoa kipimo. Chombo chao cha kupimia kimeharibika, wanangoja fundi. Unajua mafundi.

Lakini sisi tulikuwa na chombo kabla yao. Nimekuwekea konzi moja ndani ya soksi safi. Itie mdomoni, uitafune taratibu kama tulivyofanya kwenye ghala la ushirika kabla malori hayajaondoka. Ikibomoka, ya nguruwe. Ikigeuka ulimbo, ikavutika kati ya meno na kidole bila kukatika, ya mkate. Tafuna mbele ya Sevda. Uivute mbele ya macho yake mpaka ifike kitasa cha mlango. Akiona hivyo atapakia gari siku hiyohiyo, na ukishakaa hapa kwenye kiti chako, kipimo cha Dobrich kije kikitaka, kisije kikitaka.

Yova ameweka mto. Nimeukalia kidogo. Unafaa.

Penyo


Plovdiv
5 Agosti 1999

Penyo,

Nimetafuna. Inavutika sana. Iligeuka ulimbo kabla sijamaliza kufikiri, ikavutika hadi Sevda akaniuliza nina nini mdomoni. Ni ngano nzuri ya mkate.

Ndani ya soksi kulikuwa na unyoya wa kuku. Shamba langu halina kuku. Mwenye kuku ni wewe, na nyuma ya banda lao una kile kipande chako, kinachopata samadi mwaka mzima bila wewe kuamka alfajiri. Kwa hiyo nimekula ngano yako. Asante, nilikuwa sijaijua kwa karibu.

Yova aliniandikia mwezi wa sita. Usimgombeze, alidhani ananipa furaha. Nimejua tangu siku ile kwamba mbolea ya Mei ililala juu ya ardhi kavu, kwa hiyo uliponiandikia nikajua Dobrich hakuna chombo kilichoharibika.

Sasa na mimi. Sijawahi kutembea mpaka mwisho wa korido hii. Sijui mwisho wake ukoje. Gongo moja lilikuwa uongo, duka la mikate lilikuwa uongo, nasikia harufu yake tu asubuhi dirisha likifunguliwa. Mfupa haukuunga. Januari daktari alisema hautaunga, na kwamba pale nyumbani, na choo cha uani na ngazi zile, Yova asingeweza kuninyanyua hata akilipwa dhahabu. Sevda alikuwa bado tayari kungoja mavuno. Mimi ndiye niliyemwambia ampigie Dimo simu. Nilitia saini mkataba mwezi huohuo. Shamba ni la Dimo kuanzia Oktoba mosi, miaka kumi. Nilimwomba asikuambie kabla ya mavuno, na naona alijizuia, ingawa nilisoma jinsi alivyohangaika kwenye kioo cha gari.

Ungeipata ngano ya mkate au usingeipata, mimi nisingerudi. Alhamisi ile haikuharibu kitu changu.

Utauliza kwa nini nikakuacha uhangaike. Nimejaribu kutafuta jibu zuri na sijalipata. Nilikuwa na barua ya kuandika na maagizo ya kutoa. Mwanamke wa blanketi haniulizi kuhusu mbolea.

Mvua ile ya Mei ilikuwa nzuri. Ingefaa. Lakini mimi sikuwa kando ya kitanda cha Gyurga, kwa hiyo sina la kukuambia.

Ngano juu ya ngano, kwa miaka kumi. Nimeiona kwenye ndoto. Udongo ulikuwa unakohoa.

Nedko


Polyanino
24 Agosti 1999

Nedko,

Barua yako niliisoma mara moja nikaiweka chini ya bakuli la kuku. Siku ya tatu nikaitoa nikaisoma tena, ikiwa na maoni yao juu yake.

Kwa hiyo Februari nililala chali kwenye theluji kwa ajili ya Dimo. Nimewahi kumfanyia kazi mfalme, chama, na benki, wote kwa lazima. Huyu ni wa kwanza niliyemfanyia kwa mapenzi. Nilitaka kukukasirikia sana, kumu. Nilikaa barazani nikajaribu mchana kutwa. Umri huu hata hasira inataka mtu wa kuishika mkono ipande ngazi.

Kuhusu kipimo, nikuambie kama kilivyokuwa. Mnunuzi alichukua punje zako kwenye kiganja, akazisifu uzito, akazisaga, akaziosha chini ya bomba, na mkononi mwake hakikubaki kitu cha maana, kinyuzi kimoja tu kilichokatika. Akasema, "Nzuri kwa macho, mzee, ila ni ya nguruwe." Nikamwambia anawaelezea jamaa zangu wengi. Nilicheka peke yangu hadi nje.

Na kuhusu Alhamisi. Sikuogopa mawe. Nataka ulijue hilo, wewe unayejua kila kitu. Niliweka mkono ndani ya gunia, nikainua mguu, na mguu ukakataa. Nilijua mvua ndiyo ileile uliyoiandika. Nilijua nyumba yako iko ndani ya gunia lile. Nikajiambia, nikiingia atarudi Nedko, ila yule aliyenitangulia alikuwa ameniomba kitu kimoja tu, na nilimcheka. Basi. Mawe yakaangukia upande wa pili, na sasa Yova anasema ni mimi niliyeyazuia. Mwanamke mwema. Dimo naye ananitazama kama mchawi.

Sasa sikiliza kazi ya mwisho, uliyonipa bila kuniagiza. Baada ya barua yako nilichukua zile njegere za mbegu zilizobaki ghalani, nikajifunga gunia shingoni, nikaingia kwenye mabua yako. Mara hii hakuna Stancho na hakuna madigadi. Nimetupa kwa mkono shamba zima, siku nne, nikikaa chini kila nilipofika kwenye mti wa jozi. Nikakwangua kwa reki, vibaya. Kisha mvua ikaja yenyewe, siku ya Jumamosi isiyo na mtakatifu. Zimeota. Hazina mstari hata mmoja, zimeota kama upara unaojaribu tena.

Dimo alisimamisha gari, akashuka, akatembea mpaka katikati. Akauliza, "Unafanya nini kwenye shamba langu, mzee?"

"Mpaka Oktoba si lako," nikamwambia. "Ninalilaza usingizi."

Alichuchumaa akang'oa mche mmoja akautazama mizizi, muda mrefu, kisha akatazama ng'ambo ya barabara, kwenye lake. Akarudi garini. Pengine atazilima tu, azifukie, apande ngano yake juu. Sawa. Ardhi itakuwa imekula, ajue asijue nani aliilisha.

Yova amerudisha mto wake. Chumba nimekifunga mimi, ufunguo ninao. Desemba, siku ya Ignati, nitaruka tena ukuta, kama utakubali niingie.

Na hapo ndipo tulipo, kumu, maana hujanilipa. Nilikuwa mguu wako wa kwanza, nikaingia kwa mguu wa kulia, nikasema maneno yote, nikaondoka mikono mitupu. Nilisema nitafikiria nataka nini, na nimefikiria. Soksi sitaki. Ndani ya bahasha hii kuna punje chache. Hizi ni za shamba lako kweli, kagua, hazina unyoya. Mimi nimeshazitafuna na najua zinafanya nini mdomoni, kwa hiyo usijisumbue kuwa bwana shamba. Zitie mdomoni tu, kwa meno uliyobakiwa nayo, utazame dirisha lako, kisha chukua kalamu uniandikie kwamba zinavutika.

Penyo